Kanda Kumi na Nne

Bweni la wasichana, chumba namba 9
3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameniambia kwamba simu sasa huisikii kabisa hata ukipigiwa kelele, kwa hiyo nimenunua karatasi na bahasha kama watu wa zamani. Najua ukiona mwandiko wangu utasema Chiriku ana shida, maana asipokuwa nayo haandiki. Ni kweli, ninayo.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho wa muziki na natakiwa kuandika utafiti wa kurasa arobaini. Nimechagua ile bendi ya kiwanda cha nguo, hasa mpiga gitaa wao wa solo, yule waliyemwita Nyuki. Mhadhiri anataka vyanzo visivyopungua kumi, na vitano kati ya hivyo viwe vya kitaaluma. Nilimpelekea orodha yangu ya kwanza, akaichora mistari myekundu kutoka juu hadi chini. Alisema nimeokota kila takataka iliyoelea mtandaoni, na nisipojifunza kutofautisha chanzo na uvumi nitarudia mwaka. Hatanii, Shangazi. Mwaka jana aliwarudisha watatu.

Wewe ulikaa miaka thelathini na mmoja kwenye maktaba ya kanda za redio. Nianzie wapi? Mtu akiniambia jambo, nitajuaje kama ni kweli?

Halafu kuna hili. Kila ninachosoma kinasema Nyuki aliazima redioni kanda kumi na nne za bendi yake mwenyewe, hakuzirudisha, akaziuza nje. Ndiyo maana gitaa lake halisikiki tena popote. Zimebaki santuri mbili tu za mwanzo, za kabla hajajiunga na bendi. Na kumbe mzee mwenyewe yu hai, anaishi mji huu huu, nyuma ya gereji iliyo karibu na chuo. Ulimfahamu?

Wako,
Chiriku


Nyumbani
15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Masikio yameshaniaga, lakini macho bado yapo, kwa hiyo andika herufi zinazosomeka. Barua yako nimeisoma kwa miwani miwili.

Huyo mhadhiri wako namkubali. Sikiliza basi. Ukishika maandishi yoyote, kabla hujayasoma yanasema nini, uliza nani kaandika, lini, na alikuwa wapi mambo yalipotokea. Mtu aliyeandika mwaka ule ule ana uzito kuliko aliyekumbuka baada ya miaka thelathini. Kisha uliza alipataje kujua. Akisema "inasemekana", mfungie mlango. Makala ya jarida imepita mikononi mwa wataalamu kabla ya kuchapwa, lakini nao ni binadamu, wana usingizi na wana haraka. Kwa hiyo soma tanbihi, zile namba ndogo ambazo wenzako wote wanaziruka. Kila moja ifuate hadi mwisho wake, hata kama inakurudisha nyuma vitabu vinne. Mwisho kabisa jiulize huyu aliyeandika alifaidika nini kwa kuandika hivyo, na angepoteza nini kama asingeandika.

Hayo ndiyo yote ninayoyajua. Yaliyobaki ni vumbi la rafu.

Nyuki alikuwa akija redioni kama wanamuziki wengine. Ni hayo tu. Ukinisikiliza, andika juu ya bendi, safari zake, walivyogawana vyombo. Habari ya kanda iguse kwa sentensi moja upite. Na mzee usimsumbue, ni mtu wa miaka themanini.

Shangazi yako


Chumba namba 9
4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema, na mhadhiri kwa mara ya kwanza amenitazama kama mtu.

Nina vyanzo vitano vya kitaaluma vinavyosema Nyuki aliiba. Nilidhani vitano ni vingi. Nikaanza kufuata tanbihi. Tasnifu mbili zinategemea kitabu kimoja. Kitabu kinategemea makala mbili za jarida. Makala ya pili imenakili ya kwanza karibu neno kwa neno. Na ile ya kwanza, ya miaka ishirini na sita iliyopita, tanbihi yake inasema hivi tu: kadi ya kuazimia, maktaba ya kanda za redio. Yaani wote watano wamechota ndoo kutoka kisima kimoja. Mhadhiri amesema hiyo sasa ndiyo sura ya nne ya utafiti wangu, nisiiache.

Kwa hiyo naomba, Shangazi, kwa kuwa wewe unaingia pale kama kwako: nipatie nakala ya hiyo kadi.

Usinikasirikie, nilikwenda kwa mzee. Chumba chake kina mlango wa bluu, kitanda, meza, na amplifaya zilizokufa zimepangwa hadi dirishani. Anazitengeneza, ingawa mikono inamtetemeka kiasi kwamba binti yake, fundi cherehani, ndiye anayemshikia nyaya. Gitaa hana. Binti amezaliwa baada ya mambo hayo na anasema hajawahi kumwona baba yake akishika gitaa hata siku moja. Baada ya habari ya kanda kuenea, bendi ilimtoa, na kila alipokwenda kuomba kazi walifungia vyombo kabatini kwanza ndipo wakamkaribisha.

Nilimuuliza moja kwa moja. Hakukasirika. Alisema, "Binti, kanda ile ni kubwa kama sahani ya wali, inataka mashine yake. Mimi sikuwa hata na redio. Ningeipigia wapi, kifuani?"

Nilipoinuka akaniuliza kama katika kusoma kwangu nimekutana na mtu mwenye wimbo wao hata mmoja. Anataka kusikia mkono wake ulivyokuwa kabla haujaanza kutetemeka. Anasema siku hizi hata yeye mwenyewe ameanza kuona labda hakuwahi kupiga.

Shangazi, huyu mzee nimemwamini. Lakini kuamini si ushahidi, sivyo? Nimpime vipi dhidi ya kadi?

Chiriku


Nyumbani
22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nakala ya kadi iko ndani ya bahasha. Nilikwenda mwenyewe. Kijana aliyeshika nafasi yangu alinipisha kwenye kiti changu cha zamani, nikakataa kukaa.

Umeniuliza umpime vipi, nakujibu kama ningemjibu mwanafunzi yeyote. Kadi iliandikwa siku ile ile, na ofisi, wakati hakuna aliyejua kwamba siku moja itasomwa na msomi. Mzee anazungumza baada ya miaka arobaini na moja, juu ya jambo linalomhusu jina lake. Kila mtuhumiwa anakana. Huruma usiichanganye na kazi. Mpe sentensi moja: kwamba anakana, na kwamba madai yake hayana uthibitisho. Huyo mhadhiri wako atakuona umekomaa.

Kuhusu nyimbo, mwambie hakuna kilichobaki.

Shangazi yako


Chumba namba 9
10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Rasimu nimeikabidhi. Sura ya nne imesifiwa mbele ya darasa, na zile kanuni zako za kupima vyanzo mhadhiri ameziandika ubaoni. Nilitamani uwepo.

Sasa nikuambie lililonikalia vibaya. Chuo kina sharti kwamba ukimhoji mtu umpelekee ulichoandika juu yake kabla hakijawa cha mwisho. Nilimpelekea mzee. Macho yake hayasomi tena, akaniomba nimsomee. Nikasoma hadi pale penye "madai yake hayana uthibitisho". Akakizima chuma chake cha moto cha kuunganishia nyaya, akakilaza juu ya tofali. Akauliza kama hiyo karatasi itawekwa maktaba. Nikamwambia ndiyo, itawekwa.

Akasema, "Wale wa mwanzo hawakunijua. Wewe umekaa hapa, ukanywa maji yangu."

Rasimu nilimwachia. Binti yake alinisindikiza hadi mlangoni, hakuniaga.

Nimefanya sawasawa, Shangazi? Niambie tu kwamba nimefanya sawasawa.

Limebaki jambo dogo. Kwenye kadi, pa sahihi ya mwazimaji ni patupu. Nimechukulia kwamba zamani hawakuwa wakali. Tarehe ni 11 Agosti. Mwisho wa mwezi nakwenda kwenye magazeti ya zamani kutafuta ratiba ya bendi ya mwezi huo, nijazie kiambatisho.

Chiriku


Chumba namba 9
2 Mei

Shangazi,

Hujanijibu. Nakuandikia hivyo hivyo.

Mzee amefariki tarehe 24 Aprili. Kifua kilikuwa kinamsumbua siku nyingi, majirani wanasema mwezi wote ule alikataa kupelekwa hospitali, alikuwa amejilaza tu ameelekea ukutani. Nilikwenda msibani. Binti yake alinipokea vizuri mbele za watu, kisha akanivuta kando akanirudishia ile rasimu, imekunjwa mara nne. Alisema baba yake aliilalia chini ya mto tangu siku ile, na yeye hataki kubaki nayo ndani ya nyumba.

Siku tatu baadaye nikaenda kwenye magazeti, kwa sababu nilishajiandikisha, na kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Bendi ya kiwanda ilikuwa safarini kuanzia tarehe 2 hadi 17 Agosti. Gazeti la tarehe 14 lina picha: wamesimama jukwaani katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa gari moshi kutoka redioni, na maelezo chini ya picha yanasema ni onyesho la tarehe 11. Nyuki yuko katikati na gitaa lake. Siku ambayo kadi inasema aliazima kanda, alikuwa jukwaani mbele ya watu mia nne.

Mwazimaji hakuweka sahihi. Aliyejaza kadi ni karani wa zamu.

Mimi nilikuwa nayo hiyo kadi mkononi tangu Machi. Niliuliza ilisema nini. Sikuuliza nani kaandika, swali la kwanza kabisa ulilonifundisha.

Sasa nauliza, na nakuuliza wewe kama chanzo, si kama shangazi. Karani wa zamu tarehe 11 Agosti alikuwa nani? Na angepoteza nini kama asingeandika?

Binti wa kaka yako


Nyumbani
19 Mei

Mwanangu,

Nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miezi sita kazini. Kanda mpya zilikuwa haziji, kwa hiyo tulirekodi juu ya zile za zamani. Kila mwezi mkutubi mkuu alichagua rafu moja isiyohitajika, zikapelekwa studio. Mwezi ule kulikuwa na mkutano mkubwa na hotuba zilikuwa nyingi. Aliniachia kikaratasi: toa rafu ya tatu. Kabati lilikuwa na rafu sita. Yeye alikuwa anahesabu kutoka chini, kwa sababu alipoanza kazi kabati lilikuwa na rafu tatu, nyingine ziliongezwa juu yake. Mimi nilihesabu kutoka juu, kama mtu anavyosoma ukurasa. Hakuna aliyekuwa amenieleza, na mimi sikuuliza, maana niliona aibu kuuliza jambo dogo hivyo.

Zikaenda kanda zote kumi na nne za Nyuki. Nilipotambua, tayari hotuba zilikuwa zimekaa juu yake.

Kwa kosa dogo kuliko hilo mwenzangu alikuwa amefukuzwa. Mshahara wangu ndio uliokuwa unamsomesha baba yako. Simtaji ili unihurumie, namtaja kwa sababu uliuliza ningepoteza nini. Nikachukua kadi tupu nikaandika jina la Nyuki, kwa vile wiki chache kabla alikuja kutuomba asikilize kanda zake na watu walimwona. Nilidhani ataandikiwa barua mbili za kudaiwa kanda, atakana, mambo yataisha. Tarehe niliibuni. Ratiba ya bendi sikuijua.

Hayakuisha. Habari ilipotoka gazetini nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Msomi wa kwanza alipokuja, mimi ndiye niliyemtolea hiyo kadi kutoka kwenye droo na kumtengea kiti. Niliwahi kumwona Nyuki mjini mara moja, nikavuka barabara.

Na wewe nilikudanganya kwa akili zangu timamu. Kila nilichokuandikia kuhusu kupima vyanzo ni cha kweli, nikakitumia kumziba mdomo mtu ambaye ndiye peke yake aliyekuwa akisema kweli. Aprili uliniuliza kama umefanya sawasawa. Barua ile niliilaza mezani wiki tatu. Hukukosea wewe, mwanangu. Ulimwamini mtu aliyekulea.

Bado kuna jambo moja, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Niliandika hakuna kilichobaki. Kipo. Kanda ya tisa hotuba yake iliisha mapema. Baada ya makofi kuna ukimya, kisha sekunde kumi na moja ambazo hazikufunikwa, gitaa peke yake, mwisho wa wimbo. Niligundua mwaka uliofuata, nikiwa bado na masikio. Niliisikiliza mara nyingi mlango ukiwa umefungwa. Machi, ulipoandika kwamba anataka kusikia mkono wake, nilijua iko rafu gani na boksi gani.

Chukua barua hii uiweke kwenye marejeleo yako, na jina langu kamili uliandike.

Shangazi yako


Chumba namba 9
14 Juni

Shangazi,

Sijui nianze kwa shikamoo au nisianze. Shikamoo.

Barua yako niliiweka. Mhadhiri aliisoma mara mbili, akafunga mlango, akaongea nami kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ile mistari myekundu. Alisema picha ya gazeti inaonyesha kwamba Nyuki hakuwepo siku hiyo. Inaweza pia kuonyesha tu kwamba karani alikosea tarehe. Na barua yenyewe ni nini? Ni barua binafsi ya ndugu wa mwanafunzi, imeandikwa baada ya miaka arobaini na moja, na mtu ambaye miezi miwili kabla, kwa mkono huo huo, aliandika kinyume chake. Hakuna mtaalamu aliyeipitia, haina namba ya kumbukumbu popote. Upande wa pili kuna kitabu, makala mbili na tasnifu mbili. Aliniruhusu niitaje kwa sentensi moja.

Sentensi moja, Shangazi. Kama ile tuliyompa mzee.

Nilikataa kuikata sura, nikaiacha nzima na jina lako ndani yake. Nimefaulu kwa alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nafasi ya kuendelea na masomo ya juu imekwenda. Utafiti utawekwa kwenye rafu na hakuna atakayeufuata, maana alama yake imeandikwa kwenye jalada. Silii kwa hilo. Nililia siku ile nilipotoka kwa mzee, na ningelia zaidi kama ningejua.

Barua yako nimempelekea binti yake. Aliisoma amesimama, mguu mmoja bado uko kwenye cherehani. Alipofika kwenye sekunde kumi na moja akarudi juu akaisoma tena tangu mwanzo. Hakutukana. Alisema atasikiliza, ila hataki kitu kwa posta wala kwa simu ya mtu. Uje nayo wewe, kwa mkono wako. Mlango ni ule wa bluu.

Mimi sitakuwepo. Nikikuona sasa sijui nitakuita nani.

Binti wa kaka yako


Stendi ya mabasi
27 Juni

Mwanangu,

Naandikia magotini, basi langu bado halijaja.

Nilikwenda maktaba nikaiazima kanda ya tisa. Nilijaza kadi, safari hii jina langu, na pa sahihi nikaweka sahihi. Ile mashine ya zamani waliyonipa siku ya kustaafu niliifunga blanketi nikaipakata njia nzima.

Alinifungulia mwenyewe. Hakunipa mkono, nami sikuutazamia. Nilimwambia nilichokuja kusema. Nilikisema chote nikiwa nimesimama, na yeye aliniacha nimesimama. Kisha akanyoosha kidole kwenye mashine, niwashe.

Mimi sikusikia kitu. Hotuba niliijua imeisha kwa kuangalia mshale wa mashine, jinsi ulivyoruka kwa makofi kisha ukalala. Nikahesabu. Mshale ukainuka, ukacheza, ukalala kabisa. Nikamwonyesha kwa kidole: hapo. Akaniashiria nirudishe. Nilirudisha mara nne. Mara ya nne alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye spika.

Alipoinuka aliniandikia kwenye karatasi ya kukatia nguo, kwa kuwa nilishamwambia sisikii. Aliandika: Huyu ni baba?

Nikasema ndiyo, ni yeye.

Akaandika: Sijawahi kumsikia akipiga. Nitajuaje?

Nikamwonyesha boksi la kanda, jina la wimbo, jina la bendi, jina la baba yake. Akalishika akaligeuza, akalisogeza dirishani penye mwanga. Kisha akaniuliza kwa mdomo, polepole, nisome midomo yake, "Haya maandishi ni ya nani?"

Nikamwambia ni yangu, mkono ule ule ulioijaza kadi.

Akaliweka boksi mezani, akarudi kwenye cherehani yake. Nikaifunga mashine kwenye blanketi nikatoka.

Shangazi yako